Shule Iliyofungwa Ikafunguliwa Tena: Watawa wa Newark na Wavulana Wao

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani, karibu na jiji kubwa la New York, uko mji uitwao Newark, katika jimbo la New Jersey. Katika mji huo, juu kidogo ya mahali penye maduka na maofisi, pana kanisa la kale na majengo ya shule yaliyoshikamana nalo. Hapo ndipo wanapokaa watawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, na hapo ndipo ilipo shule yao, St. Benedict's Preparatory School, iliyoanzishwa mwaka 1868. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 shule hiyo ilikuwa ya wavulana, tena ya kutwa: asubuhi walikuja kutoka makwao, na baada ya masomo wakarudi kwa wazazi wao.

Shule za namna hiyo ni nyingi duniani. Lakini shule hii ina habari yake isiyo ya kawaida. Mwaka 1972 ilifungwa, na watu wengi wakaihesabu kuwa imekwisha. Mwaka uliofuata ikafunguliwa tena na watu wachache, mahali pale pale, nayo haikufungwa tena tangu hapo. Jinsi jambo hilo lilivyotokea, na jinsi wavulana wenyewe walivyokabidhiwa sehemu kubwa ya kuiendesha shule yao, ni habari inayomfaa kila mzazi, kila mwalimu na kila mjumbe wa halmashauri ya shule.

WATAWA HAWA NI WATU GANI?

Mtakatifu Benedikto alizaliwa katika Italia yapata mwaka 480. Katika mlima wa Monte Cassino aliwaandikia wafuasi wake kitabu kidogo cha kanuni chenye sura 73, kinachoeleza namna ya kusali, kufanya kazi, kula, kulala, kupokea wageni na kumchagua mkubwa wao aitwaye abate. Kanuni hiyo ingali ikifuatwa hata leo, baada ya karne nyingi.

Mambo mawili katika kanuni hiyo yapaswa kukumbukwa, kwa maana bila hayo habari ya Newark haieleweki. La kwanza ni nadhiri ya kukaa mahali pamoja. Mtawa Mbenediktini hahamishwi kama karani wa serikali, leo hapa na kesho kule. Huahidi kuishi na kufa pamoja na ndugu zake wa nyumba moja. La pili ni kwamba, panapotokea jambo kubwa la kuamuliwa, abate huagizwa kuwaita ndugu wote, wala asiwaache wadogo, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo jambo ambalo wakubwa hawakuliona.

Watawa hawa si wageni katika Afrika ya Mashariki. Wenzao waliotoka Ujerumani walifungua misioni ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888; wakaanza Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Waliopata kufika huko wanazijua karakana zao, mitambo yao ya kupiga chapa, hospitali zao na shule zao. Wale wa Newark ni wa tawi jingine la mti huo huo. Mwanzilishi wa tawi lao alikuwa Boniface Wimmer, mtawa wa Metten katika Bavaria, aliyevuka bahari mwaka 1846 akajenga nyumba ya kwanza katika jimbo la Pennsylvania, ili kuwahudumia Wajerumani waliokuwa wakihamia Marekani.

MWANZO WA SHULE

Newark wakati huo ulikuwa mji wa viwanda. Palikuwa na viwanda vya kutengeneza ngozi, vya pombe ya biri na vya vito, na wafanya kazi wengi walikuwa wageni kutoka Ujerumani na Ireland. Wenyeji wengine hawakuwapenda wageni hao wala dini yao. Mwaka 1854 kundi la watu wenye hasira liliingia katika kanisa la Wakatoliki wa Kijerumani la Mtakatifu Maria, likavunja na kuharibu vitu vilivyokuwamo. Hata hivyo, miaka 3 baadaye, mwaka 1857, watawa wa Wimmer walikubali kuichukua parokia hiyo hiyo, na kanisa jipya likajengwa.

Mwaka 1868 wakafungua shule ya wavulana. Nia yao ilikuwa kuwapa watoto wa mafundi, wachuuzi na wafanya kazi wa viwandani elimu ile ile iliyopatikana kwa watoto wa matajiri. Mwana wa mtu aliyeshinda kutwa akikwangua ngozi angeweza kusoma Kilatini, hesabu na historia, akaendelea hata akawa mwanasheria, daktari au padre. Vizazi kwa vizazi vya wavulana vilipita katika shule hiyo, na watu wa Newark wakajivunia.

MJI WABADILIKA

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo ya mji yalibadilika. Watu weusi wengi walikuwa wakitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako walibaguliwa kwa sheria, wakaja katika miji ya kaskazini kutafuta kazi na maisha yaliyo bora. Wengi walifika Newark. Lakini siku zile zile viwanda vilikuwa vikifungwa au kuhamishwa, na watu weupe waliokuwa na uwezo walikuwa wakihamia vitongoji vya mbali vyenye nyumba mpya na bustani. Waliobaki mjini walikuta nyumba mbovu, kazi haba na shule za mji zilizojaa kupita kiasi. Tena, ijapokuwa watu weusi walikuwa wamekwisha kuwa wengi, mamlaka ya mji na ya polisi yalikuwa bado mikononi mwa wengine.

Mwezi wa Julai 1967 polisi walimkamata dereva mmoja mweusi wa teksi. Habari zikaenea ya kuwa amepigwa vibaya, na ghasia zikazuka. Kwa siku kadha maduka yalivunjwa na kuchomwa moto, askari wa jimbo wakaletwa na silaha zao, na watu 26 wakapoteza maisha. Mitaa iliyoungua ilikuwa karibu sana na lango la shule ya watawa.

Baada ya hapo, familia nyingi za watu weupe ziliogopa kuwapeleka watoto wao katikati ya mji, na idadi ya wanafunzi wa shule ikapungua mwaka hata mwaka. Wakati huo huo wavulana weusi wa mitaa ya jirani walikuwa wakingoja nje ya lango. Swali likawa moja tu: Shule hii ni ya nani?

MWAKA WA MAJONZI

Watawa wenyewe hawakuwa na jibu moja. Yapasa kusema jambo hili wazi, kwa maana watu husimulia habari za shule hii kana kwamba wote walikuwa mashujaa wa moyo mmoja. Sivyo ilivyokuwa. Wengine waliona ya kuwa kazi waliyoijia imekwisha, na ni afadhali waende mahali ambako wangeweza kufundisha kwa utulivu. Wengine walisema ya kuwa watawa waliwajia maskini waliochukiwa na wenyeji, na maskini waliochukiwa wangali wapo, ila rangi yao imekuwa nyingine. Ndugu waliokula meza moja kwa miaka mingi walitengana kwa maneno.

Mwisho wake watawa wengi waliondoka, wakajiunga na nyumba nyingine ya Wabenediktini iliyoko Morristown, katika mashamba ya jimbo lilo hilo la New Jersey, ambako pia pana shule ya wavulana. Kwa kuwa watawa ndio waliokuwa sehemu kubwa ya walimu, shule haikuweza kuendelea. Mwaka 1972, baada ya miaka 104, milango ikafungwa. Wanafunzi wakatafutiwa nafasi kwingineko. Wanafunzi wa zamani walihuzunika, na wengine walikasirika.

Waliobaki walikuwa wachache, na majengo yaliwazunguka matupu. Waliendelea kusali kanisani kwa saa zake kama walivyozoea, na kati ya sala na sala walikaa pamoja wakizungumza. Tufanye nini? Wengi wao ujuzi wao ulikuwa ni kufundisha. Watoto walikuwapo mlangoni. Majengo yalikuwapo. Kilichokosekana ni fedha, walimu, na matumaini ya watu wa mji.

MILANGO YAFUNGULIWA

Katika mashauri yao watawa waliyatenda yale yaliyomo katika kanuni yao kuhusu kuwasikiliza wadogo. Walimchagua mmoja wa vijana wao, Padre Edwin Leahy, awe mwalimu mkuu, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi katika shule ile ile, akamaliza mwaka 1963. Mwezi wa Julai 1973 shule ikafunguliwa na wavulana 89.

Watu wengi waliona haitadumu. Lakini Padre Edwin aliongoza shule hiyo kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na wavulana wakaongezeka kutoka makumi hata wakawa mamia. Walio wengi walikuwa watoto wa Newark na miji ya jirani, weusi na wale wenye asili ya nchi zinazosema Kispania. Karibu wote waliomaliza masomo waliendelea na elimu ya juu, na hali wengi walitoka katika jamaa ambazo hakuna mtu aliyepata kukanyaga chuo kikuu.

WAVULANA WAONGOZA WAVULANA

Mgeni akifika asubuhi atashangaa jambo moja. Kabla ya masomo, shule nzima hukusanyika katika jumba la michezo. Husali, huimba kwa kupiga makofi, husikiliza matangazo. Lakini mwenye kusimama mbele na kuamuru kimya si mwalimu, bali ni mwanafunzi. Wanafunzi wamegawanywa katika vikundi, na katika kila kikundi wamo wakubwa na wadogo pamoja. Kila kikundi kina kiongozi wake, na juu ya viongozi wote yuko kiongozi mkuu, kijana wa mwaka wa mwisho.

Viongozi hao ndio wanaoita majina. Mtoto asipoonekana, wa kwanza kuulizwa ni wenzake wa kikundi: Yuko wapi? Ameugua? Amekosa nauli? Nao hutakiwa kumtafuta, kwa simu au kwa njia nyingine, hata wajue lililompata. Wito wa shule ni kwamba maumivu ya ndugu mmoja ni maumivu ya wote, na neno hilo halikuandikwa ukutani kwa ajili ya kupendeza macho tu. Mvulana mkubwa akimwacha mdogo wake apotee, ataulizwa mbele ya wenzake.

Padre Edwin hakusema kwamba amebuni mambo hayo. Alieleza mara nyingi ya kuwa aliyachukua kwa Maskauti: mtu mzima asimfanyie mvulana kazi ambayo mvulana aweza kuifanya mwenyewe. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa mengi juu ya chanzo cha fikira hiyo. Bwana Baden-Powell, aliyekusanya wavulana katika kambi ya kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, akawagawanya katika vikosi vidogo, kila kikosi na kiongozi wake mvulana, alimalizia siku zake Nyeri. Alifariki huko mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko pale, mbele ya Mlima Kenya. Hivyo mbinu iliyosaidia kuinua shule katika mji wa Newark ina baba yake aliyelala katika udongo wa Nyeri.

SAFARI YA MILIMANI

Mwanafunzi mpya hapokewi kwa maneno matupu. Mwaka wa shule huanza katikati ya kiangazi, wakati watoto wa shule nyingine wangali likizoni. Wageni hulala siku kadha katika jumba la michezo, chini, kila mtu na blanketi lake. Katika siku hizo hutakiwa kujifunza historia ya shule, nyimbo zake na majina ya wenzao. Walinzi na walimu wao ni wanafunzi waliowatangulia.

Mwisho wa mwaka huo wa kwanza hufuata jaribio lililo kubwa zaidi. Wavulana hupelekwa katika milima iliyo kaskazini ya New Jersey, katika njia mashuhuri ya wapanda milima iitwayo Appalachian Trail. Hutembea kwa siku kadha, zaidi ya maili 50, kila mtu na shanta lake mgongoni lenye chakula, nguo na sehemu yake ya hema. Huenda kwa vikosi vidogo, na kila mmoja ana kazi yake: mmoja husoma ramani, mwingine hupika, mwingine huangalia waliojeruhiwa miguu.

Kwa mtoto wa shamba safari hiyo si kitu cha kushangaza, maana kutembea ni desturi yake. Lakini wengi wa wavulana hao wamezaliwa kati ya mawe na lami. Giza la msituni ni jambo geni kwao, na dubu wapo kweli katika milima hiyo. Tena sharti la safari ni kwamba kikosi chote kifike pamoja. Mwenye mbio akimwacha mwenye kuchechemea, hajashinda. Huenda akalazimika kurudi nyuma na kubeba mzigo wa mwenzake juu ya wake. Hapo ndipo wanapojifunza kwa miguu yao jambo walilolisikia kwa masikio tangu siku ya kwanza.

MAMBO YASIYOONEKANA

Hapana shaka ya kuwa mtoto mwenye njaa au huzuni hawezi kusoma, hata mwalimu awe hodari namna gani. Kwa hiyo shule ina washauri wengi kuliko ilivyo kawaida, na wavulana hukutana nao katika vikundi vidogo kuzungumza mambo mazito: kifo katika jamaa, hasira, ulevi nyumbani. Kimoja cha vikundi hivyo ni cha wavulana ambao hawajapata kuishi na baba zao. Mwanamume kusema hadharani ya kuwa moyo unamwuma si desturi ya watu wengi, wala haikuwa desturi ya vijana wa Newark. Lakini walimu waliona ya kuwa uchungu usiotolewa kwa maneno hutolewa kwa ngumi.

Baadaye ilionekana pia ya kuwa wengine hawana nyumba ya kurudia jioni iliyo salama. Basi shule iliyokuwa ya kutwa ikatenga nyumba ya kulala kwa ajili yao, karibu na watawa, wapate mahali pa kulia, kusomea na kulala.

Wala si kweli ya kuwa shida zimekwisha. Gharama ya kumfundisha mwanafunzi mmoja ni kubwa kuliko ada ambayo wazazi wengi wanaiweza, na pengo hilo hujazwa kwa michango ya wanafunzi wa zamani na ya watu wengine wenye moyo. Kila mwaka fedha hizo hutafutwa upya. Watawa wenyewe wamepungua, na walimu walio wengi ni watu wasio watawa, wake kwa waume.

Hata sifa ya kuwa shule ya wavulana peke yao imebadilika. Walikwisha kuingizwa watoto wadogo wa madarasa ya chini. Kisha mwaka 2020 shule ya wasichana ya masista Wabenediktini iliyokuwa katika mji wa jirani wa Elizabeth ilifungwa, na wasichana wakahitaji mahali. Shule iliyojua maana ya kufungwa haikuwafungia mlango. Ikafanya sehemu yao wenyewe, yenye viongozi wao wenyewe.

FUNZO KWA WAZAZI NA WALIMU

Mtu aweza kusema ya kuwa Marekani ni nchi tajiri, na mambo yake hayafai kulinganishwa na ya vijijini kwetu. Lakini yale yaliyoifufua shule hii hayakununuliwa kwa fedha. Ilipofungwa mwaka 1972 majengo yalikuwa ni yale yale, na vitabu vilikuwa ni vile vile. Kilichoifunga ni watu kutengana, na kilichoifungua ni watu wachache waliokataa kuhama.

Shule nyingi hupata mwalimu mzuri, na mara watoto wanapomzoea, yeye yu tayari kuondoka. Nyingine zina halmashauri ambazo wajumbe wake huhudhuria mwaka wa kwanza kwa bidii, kisha hupotea mmoja mmoja pindi shida ziingiapo. Watawa wa Newark waliahidi kukaa, wakakaa, hata walipokuwa hawana wanafunzi wa kuwafundisha.

Funzo la pili ni kumwamini kijana. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wengi hulifahamu neno hilo kuwa ni la fimbo. Newark hulifahamu kwa njia nyingine. Mvulana wa miaka 17 akikabidhiwa wadogo wake, akaulizwa habari zao kila asubuhi, hujikunja mwenyewe katika umbo la mtu mzima. Kijana wa namna hiyo yuko katika kila kijiji. Afaa aulizwe, tangu asubuhi ya kesho, ni nani ambaye hakuja shuleni, na kwa sababu gani.